Mistari Imenyooka

2 Februari

Kaka yangu Fundi,

Natumaini ulifika salama na wifi alikupokea vizuri, maana uliondoka hapa umenuna kama mchumba aliyerudishiwa barua ya posa. Daktari hakukuambia jambo baya hivyo. Wewe ulisikia neno "uvimbe" na masikio yakafunga duka hapo hapo, kwa hiyo nakuandikia yale uliyoyakosa.

Huo uvimbe ulioko nyuma ya jicho lako ni fundo la mishipa ya damu. Si saratani. Hauendi kokote mwilini, na huenda ulizaliwa nao. Kuna watu wanazeeka na kufa nao bila kujua. Sasa hivi ni mdogo, umekaa pembeni, umetulia, na daktari wetu hagusi kitu kilichotulia. Hofu ni kwamba siku moja unaweza kuanza kuvuja maji. Maji yakiingia chini ya ule utando unaopokea picha, picha hupinda. Hapo ndipo tunapotibu kwa mwanga. Mgonjwa anadungwa dawa ya kijani mkononi, dawa inasafiri mpaka kwenye mishipa ya uvimbe, kisha daktari anamulika mwanga mwekundu jichoni kwa sekunde themanini na tatu. Mwanga hauunguzi. Unaiamsha ile dawa, na dawa ndiyo inayoziba mishipa. Waliowahi nimewaona wakirudi kusoma gazeti. Waliochelewa sitaki kukusimulia.

Na wewe, kaka, huna jicho la akiba. Lile la kushoto kipande cha kigae kililitoa miaka kumi na tisa iliyopita. Hili ndilo unalofanyia kazi, unaloonea njia, unalomwonea mkeo. Mimi si daktari, ni karani wa mafaili tu, lakini miaka kumi na moja kwenye kaunta ya kliniki ya macho imenifundisha kuogopa.

Nimekuwekea karatasi za miraba zenye nukta nyeusi katikati. Kila Jumapili asubuhi kaa penye mwanga, vaa miwani yako ya kusomea, tazama nukta, uangalie kama mistari imenyooka au imepinda. Andika jibu chini, weka tarehe, nitumie kila zinapokusanyika. Ukikuta hata mmoja umepinda usiandike barua, panda gari uje.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Kwenye simu wewe unasema "sawa, sawa" na unakata. Isitoshe, karatasi zenyewe zinatakiwa kwenye faili.

Mdogo wako,
Pengo


3 Machi

Pengo mdogo wangu,

Barua imefika, na karatasi zimefika bila kukunjamana, jambo ambalo sikulitarajia kutoka posta. Hapa tu wazima. Nimefanya kama ulivyoagiza na karatasi nne hizi hapa. Mistari imenyooka. Nimeipima yote, ya kusimama na ya kulala. Kila mraba ni nusu sentimita kamili, isipokuwa karatasi ya pili, ambapo mstari wa kumi na moja kutoka juu umesogea kidogo, unene wa uzi. Mwambieni mchapaji wenu awe makini. Ndiyo hasara ya kazi za ofisini, hakuna anayekagua nyuma ya mwenzake.

Mimi nimepata kazi kubwa. Ni korido ya mahakama mpya, mita hamsini na mbili kutoka mlango mkuu mpaka chumba cha hakimu, vigae vyeupe vitupu. Korido ndefu hivyo haisamehi. Ukikosea milimita mbili mlangoni, kwa hakimu unafika umekosea kiganja kizima. Nimewaambia mafundi wote, mstari wa kwanza hauwekwi na mtu ila mimi. Wamenuna, lakini wamekubali.

Mke wangu anapiga kelele. Juzi nilimimina chai pembeni ya kikombe, ikamwagika mezani, na tangu siku hiyo kila akinitazama anasema nije huko. Nimemjibu kwamba mdogo wangu anazo karatasi, na karatasi zikisema sawa ni sawa. Mwambie na wewe, labda atakusikia. Mimi hanisikii tangu tuoane.

Kaka yako,
Fundi


19 Machi

Kaka,

Kaunta nzima tumecheka mpaka wagonjwa wakageuka. Watu hurudisha karatasi zetu zina madoa ya mafuta, nyingine zimefungiwa karanga, na wewe umetuandikia vipimo pembezoni kwa penseli iliyochongwa! Dada wa dirisha la dawa aliiomba ile karatasi yenye kosa la mchapaji akaibandika ukutani. Nyingine nimezitia kwenye faili lako. Daktari alishaniambia nimwonyeshe zile zenye mistari iliyopinda tu, maana ana watu wengi na siku ni fupi.

Mwambie wifi atulie. Anunue vikombe vipana. Mtu anayeona mstari uliosogea unene wa uzi hana shida ya macho, ana shida ya maringo.

Nakuongezea karatasi nyingine kumi na mbili. Korido hiyo ikiisha nitakuja kuitembea nikiwa nimevaa viatu vipya.

Pengo


4 Mei

Pengo,

Karatasi nane, zote zimenyooka. Samahani nimechelewa kutuma. Kazi imenikaba.

Tumefika nusu ya korido. Kichwa kinaniuma kidogo jioni, nafikiri ni weupe wa vigae. Siku hizi nafanya kazi kwa uzi na pima maji, sikadirii kitu. Mzee aliyenifundisha ufundi alikuwa akikupiga kofi la kisogo akikuona umefumba jicho moja unalenga mstari. Alisema jicho ni mwongo, uzi ndio shahidi. Ujana ulinifanya nimwone mkorofi. Sasa nazidi kumwelewa, maana kuna siku naweka kigae, jicho linaniambia kimeinama, naweka pima maji, tone liko katikati kabisa. Ningelisikiliza jicho ningebomoa ukuta wa mtu.

Mke wangu anakusalimu. Anauliza kama daktari ameziona karatasi.

Fundi


17 Mei

Kaka,

Karatasi zimefika. Nina haraka, leo kliniki imefurika. Mwambie wifi kila kitu kiko kwenye faili. Hicho kichwa kunywa maji, na vaa kofia.

Pengo


30 Juni

Mdogo wangu,

Hizi hapa nyingine saba. Imenyooka, lakini nina swali. Mmebadilisha wino? Karatasi za mwezi huu nikizitazama hivi hivi mistari ya katikati inacheza. Inakazwa kiunoni kama mdomo wa gunia, na ile nukta yenu siioni, naona doa la kijivu mahali pake. Nilitaka kuandika kwamba imepinda. Lakini nikachukua rula yangu ya chuma nikailaza juu ya mstari, na rula nayo ikapinda vile vile, sambamba na mstari, havikuachana hata kidogo. Rula ile ninaijua, haijapinda. Nikageuza karatasi, nikapima upya. Vimelingana tena. Kwa hiyo nimeandika imenyooka kama kawaida, maana ndiyo haki.

Ila nakuambia ili mchapaji ajue.

Korido imebaki mita sita.

Fundi


5 Julai

Kaka,

Panda gari. Barua hii naituma kwa dereva wa basi la asubuhi, na nimempigia wifi simu, najua ameshaanza kukusukuma. Lakini nakujua, utabisha, utasema mita sita. Achana na mita sita.

Kaka, hakuna aliyekuambia uipime karatasi! Karatasi ni nzima, tumezichapa maelfu. Nilitaka uniambie jicho lako linaiona vipi, basi, hata kama inaonekana kama wavu uliotupwa. Hiyo rula inapinda kwa sababu jicho linapinda kila linachotazama. Ulipaswa kuja siku ya kwanza mistari ilipocheza. Ilianza lini? Usinijibu kwa barua. Njoo uniambie hapa.

Nimemwambia daktari. Amelifungua faili lako, anakungoja.

Pengo


9 Agosti

Pengo mdogo wangu,

Anayeandika ni mke wangu, mimi nasema tu, maana daktari amenikataza kulichosha jicho. Tulifika salama. Nakushukuru kwa zile siku tano chumbani kwako na mablanketi uliyoyapigilia dirishani. Sikujua kama mtu aliyetibiwa kwa mwanga anafichwa asiguswe na jua kama mwali. Wenzangu hapa nimewaambia nilikuwa ndani nakandwa, nawekwa tayari, na mahari ni kubwa.

Nataka umwambie daktari kwamba mwanga wake unafanya kazi. Doa linapungua. Asubuhi naona mlango vizuri. Naona kikombe. Juzi nimeona kuku wa jirani yuko juu ya ukuta, nikamfukuza mwenyewe. Nadhani mwezi wa kumi nitarudi kumalizia zile mita sita. Nimewaambia wasimpe mtu.

Fundi

Wifi, nimeandika kama alivyosema, neno kwa neno. Wifi yako.


20 Agosti

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimemwambia daktari, naye amefurahi. Dawa hii huenda polepole, wiki kwa wiki, kwa hiyo usiwe na pupa. Mje wiki ya kwanza ya Oktoba tupige picha ya jicho.

Hizo mita sita zitakungoja.

Pengo


25 Oktoba

Wifi yangu,

Leo siandiki kwa ajili yake. Amekwenda mahakamani.

Kila Ijumaa anakwenda. Jirani anamfikisha kwenye ngazi, yeye anaingia, anavua viatu, anatembea korido yote kwa soksi, polepole. Anasema anakagua. Zile mita sita alimalizia fundi mwingine tangu Agosti, mbele ya macho ya kila mtu isipokuwa yake. Nilimwuliza yule fundi kama mume wangu anajua. Akaniambia alijua siku ya kwanza alipokanyaga, alisimama pale kazi zinapokutana, akabonyeza kwa kidole cha mguu, akasema "huyu mtu ana haraka," kisha akaendelea kutembea.

Nyumbani anaigiza. Amehesabu hatua za kila mahali. Kikombe lazima nikiweke pale pale, na nikikisogeza kidogo mkono wake unapapasa hewani, halafu anajikuna sikio kama kwamba ndilo alilokuwa akilifuata. Juzi aliniambia gauni la bluu limenipendeza. Nilikuwa nimevaa la kahawia. Nikamwambia ahsante.

Siku ile ya picha wewe na daktari mlibaki chumbani, mlango ukafungwa. Ulipotoka ulikuwa unacheka, ukasema picha ni nzuri, subira. Mimi nimekaa na mume wangu miaka ishirini na mbili, kicheko cha ukoo wenu cha kweli ninakijua, na hicho hakikuwa chenyewe. Naomba uniambie daktari alisema nini. Simwambii mtu mpaka unipe ruhusa.

Wifi yako


3 Novemba

Wifi,

Nisamehe. Nilikuwa najua na nilishindwa.

Picha ni nzuri kweli, hapo sikudanganya. Uvimbe umesinyaa, mishipa imeziba, maji yote yamekauka. Daktari alinionyesha kwa kalamu, akasema tiba imefaulu. Kisha akasema jicho halitarudi. Ile sehemu ya katikati, ile anayosomea na kukutambulia wewe, ilikaa ndani ya maji miezi mingi mno, imekufa. Ukikausha shamba lililooza huvuni kitu. Atabaki na kivuli cha mlango, mwanga wa dirisha, mtu akipita. Hakuna mwanga mwingine, hakuna dawa nyingine, hakuna miwani. Nilimwuliza daktari kuhusu nchi nyingine, hospitali nyingine. Alinijibu kwa upole sana, na upole wake ndio ulionimaliza.

Daktari alitaka kumwambia mwenyewe. Mimi ndiye niliyemsihi aniachie, nikasema ni kaka yangu, nitajua pa kuanzia. Nikatoka nikamkuta amekaa kwenye benchi, ameshika kofia, amegeuza uso kwenye sauti ya mlango, na neno lililonitoka ni subira.

Mwambie wewe. Siwezi, wifi.

Pengo


28 Novemba

Pengo

Naandika kwa mkono wangu. Nimelaza rula chini ya kila mstari ili nisipande juu ya ule wa mwanzo. Ukikuta maneno yamegongana soma kwa huruma.

Mke wangu ameniambia. Nilikuwa najua. Sikuwa nakudanganya kwa ubaya, nilitaka mwanga uonekane umefanya kazi kwa kuwa ulihangaika.

Swali langu ni moja. Ningekuja mwezi wa tatu, baada ya ile chai kumwagika, jicho lingepona?

Usiniandikie kwamba Mungu ndiye apangaye. Hilo nalijua na nimelikubali. Mimi nataka kujua kama fundi. Kigae kikibanduka watu wanauliza, kilikuwa kigae kibovu au aliyekipachika hakujua kazi? Kama uvimbe ungelichukua jicho hata kama ningelala mlangoni kwenu tangu Februari, nitatulia. Nitajifunza upofu kama watu wengine walivyojifunza. Lakini kila asubuhi nikiamka naiona ile rula. Sioni kitu kingine chochote, nakuapia, ila ile rula naiona. Nimekaa na jicho la mwisho mkononi miezi mitano nikibishana na karatasi.

Mke wangu hajui kama nimeuliza. Bahasha nimempa jirani. Lakini jibu atalisoma yeye, sina macho mengine. Andika ukijua hivyo.

Fundi


10 Desemba

Kaka yangu,

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara tatu.

Jibu ni ndiyo. Nilimwuliza daktari tena ili nisikujibu kwa kubahatisha. Akasema mwezi wa tatu maji yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza, na mwanga ule ule, sekunde zile zile, ungekuachia jicho la kusomea na la kufanyia kazi. Hata mwezi wa tano ungebaki na kitu.

Lakini sikiliza na hili, maana usipolijua utajilaumu peke yako. Dawa ile ya kijani huagizwa kwa jina la mgonjwa, chupa moja mtu mmoja, na ikishafunguliwa haiwekeki. Mwezi wa nne chupa moja ilifika na mwenyewe hakutokea. Daktari akaja kwenye kaunta, akaniuliza, "Kaka yako vipi?" Alikuwa tayari kukuita siku hiyo hiyo akutazame. Nikamwambia, "Mistari yake imenyooka, daktari, hata mchapaji anamkosoa." Akacheka, nikacheka. Dawa akapewa mama mmoja mshonaji. Anashona mpaka leo. Alinipitia juzi na kitambaa cha mezani cha shukrani, nikakipokea kwa mikono miwili.

Alama zako za penseli nilikuwa naziona. Vipimo pembezoni, mwezi baada ya mwezi. Hakuna mtu anayeandika sentimita kwenye karatasi zile, kaka, hakuna. Katika miaka kumi na moja ni wewe tu. Kazi yangu ilikuwa kukuuliza swali moja, unaipimaje? Sikuuliza kwa sababu ilinichekesha, na kwa sababu nilijivuna kuwa na kaka wa namna hiyo. Chai ilipomwagika wifi aliogopa, na mimi nikamwambia anunue vikombe.

Wewe ulifanya ulivyofundishwa maisha yako yote. Mimi ndiye niliyekuwa upande wa watu wanaojua.

Siombi unisamehe leo. Wifi, unaposoma hapa, tafadhali soma yote bila kuruka. Nimemdanganya vya kutosha.

Mdogo wako,
Pengo


22 Desemba

Wifi,

Barua yako ilifika Jumanne. Niliposema imetoka kwako alizima redio, akavuta kiti, akaweka mikono magotini. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna kitu alikuuliza, maana kwa salamu hakai hivyo.

Nilianza kusoma kwa sauti. Nikasoma kwamba umeiandika mara nne na kuichana mara tatu. Kisha macho yangu yakatangulia mstari mmoja mbele, nikaona neno lenyewe.

Wifi, wewe hukujua jambo hili kwa sababu sikuwahi kukuandikia. Mwezi wa tatu nilikuwa nimekwisha kufunga begi. Nilikata tiketi mbili bila kumwambia, nikaweka mashati, miwani, sabuni, nikamwambia kesho tunaondoka, apende asipende. Alikuwa amekubali. Alinuna, lakini alikubali. Ndipo ikaja barua yako ya vikombe. Akanisomea yeye mwenyewe, anacheka, na mimi nikacheka, nikarudisha mashati kabatini. Siku hizo aliweza kusoma.

Kwa hiyo pale ulipoandika ndiyo, mimi nilisoma hapana. Nilisoma: "Jibu ni hapana, kaka. Nilimwuliza daktari tena. Hata ungekuja siku ya kwanza, uvimbe wako ni wa aina isiyosikia dawa." Habari za chupa niliziruka. Mama mshonaji nilimruka. Penseli niliiruka. Nikaenda moja kwa moja kwenye jina lako. Sijui sauti niliitoa wapi.

Akasema nisome tena. Hapo niliogopa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu maneno hayakuwa kwenye karatasi na ilinibidi nikumbuke nilivyoyapanga. Nikayasema yale yale. Akauliza, "Amesema siku ya kwanza?" Nikamwambia ndivyo alivyoandika. Akalia, wifi. Alilia kwa sauti, mikono bado iko magotini. Halafu akafuta uso na shati, akasema, "Basi sikulipoteza mimi."

Siku hiyo alikula akashiba. Kesho yake aliniomba nimtafutie fimbo, na haigizi tena. Akitaka kikombe anasema kiko wapi. Rula yake ya chuma amempa yule fundi aliyemalizia korido. Analala usingizi wa kukoroma, jambo ambalo halikuwepo humu ndani tangu Julai.

Najua ulitaka kuutua mzigo. Umeutua, ila umeangukia kwangu. Sikulaumu, na mimi pia nilicheka siku ile ya vikombe, hakuna aliyenilazimisha. Lakini sasa nakaa naye kutwa nikiwa najua, namfunga vifungo nikijua, nampeleka njia nikijua, na kila akinishukuru natamani ardhi inimeze. Barua yako nimeichoma jikoni. Usimwandikie tena habari hiyo, wala ukija usiitamke. Nimemwambia kwamba hapana, na itabaki hapana mpaka mmoja wetu azikwe.

Jana asubuhi nilikuwa nakunja nguo. Akaniambia, bila mimi kumwuliza, "Unajua, kama ningelikosa kwa ujinga wangu, baada ya wewe kunipigia kelele zote zile, nisingeweza kukutazama tena usoni." Kisha akatabasamu, akageuza uso wake anitazame, akautuliza hapo muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa chumba.

Wifi yako